Namba 31 hadi 54

Machi 6

Mvua imeanza leo asubuhi, na bati la dukani limeanza kupiga kelele zake zilezile za kila mwaka. Nimenunua daftari hili la kurasa themanini ili niwe na wa kuzungumza naye. Wateja wa siku nzima: wawili. Wa kwanza aliingia kukwepa mvua. Wa pili aliulizia choo.

Nijieleze, maana daftari nalo lina haki ya kujua limeangukia mikononi mwa nani. Mimi ni muuza katuni za zamani. Sisemi magazeti makuukuu ya kufungia sabuni. Nasema katuni, vitabu vya picha vilivyochapwa miaka mingi iliyopita, ambavyo watu wazima wenye akili timamu huvitafuta kwa udi na uvumba. Walikuwa wakivitafuta, niseme. Miaka mitano iliyopita mtu aliuza pikipiki yake akanunua kwangu toleo la kwanza. Leo wanapita mlangoni pangu wakienda ng'ambo ya barabara, kwa Binti wa Kioo.

Jina hilo nimempa mimi, kwa sababu ya kioo kilichojaa mbele ya duka lake kutoka chini hadi juu. Anauza katuni mpya, zimetoka mwezi huu, zimefungwa kwenye nailoni ambayo mnunuzi hathubutu kuichana. Toleo moja lina majalada matano tofauti. Hadithi ni ileile, ila mnunuzi lazima awe nayo yote matano, la sivyo hapati usingizi. Na hasomi hata moja! Nilimwuliza mmoja wao, ndugu yangu, kisa kinasemaje humo ndani? Akanitazama kama nimemwuliza rangi ya nguo yake ya ndani.

Machi 7

Kilicho na maana kuliko duka zima kiko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu, chumba cha nyuma. Katuni za Fundi Radi, namba 1 hadi 96, hakuna hata moja inayokosekana. Baba alikuwa mtu wa mitambo kwenye kiwanda kilichozichapa, na kila mwezi alileta nakala moja nyumbani, wino ukiwa bado unanukia. Kwa miaka minane hakukosa mwezi. Alipokuwa anakata roho alisema, hizo ni zenu wawili, wewe na mdogo wako, msigombane.

Hatukugombana. Ila miaka mitano iliyopita mdogo wangu aliniomba tuziuze. Ni fundi cherehani, anashona sare za shule kwenye vibaraza vya watu, na alikuwa amepata chumba cha kupanga chenye mwanga mzuri, akakosa kianzio. Mteja wangu mkubwa, Daktari wa Meno, alikuwa ameshaweka milioni tano mezani, taslimu. Nikakataa. Nikamwambia mdogo wangu, subiri, bei inapanda, mwakani itakuwa mara mbili. Akasema basi nimpe moja tu akae nayo. Nikamwambia seti haivunjwi, ukitoa moja umeua zote.

Bei ikapanda kidogo, nikajiona mwerevu. Kisha ikaanza kuteremka na haijasimama. Mdogo wangu ameendelea kushona vibarazani, na sasa macho yamechoka, haoni tundu la sindano. Mvua zikiisha anahamia kwa binti yake, safari ya siku mbili kwa basi, na huko harudi. Siku hiyo nataka nimpe sehemu yake mkononi, iwe ya maana, nimtazame usoni. Sina lingine ninalotaka mwaka huu.

Machi 9

Mvua. Hakuna mtu.

Machi 11

Miwani kapita kunywa chai. Huyu ni mpimaji: ndiye anayetazama katuni chini ya taa na kuipa daraja, kutoka moja hadi kumi, na bila daraja lake hakuna mnunuzi mkubwa anayefungua pochi. Nikamwuliza soko likoje. Akasema za zamani zinakufa na wenye nazo. Wazee wanazikwa, watoto wao wanabeba maboksi wanakuja kuuza kwa kilo. Zinazobaki na bei ni zile safi kabisa.

"Na penseli je?" nikamwuliza, kama mtu anayeulizia tu hali ya hewa.

"Penseli, toa nusu ya bei. Kalamu ya wino, toa yote uende nyumbani ukalale."

Nikamwongezea chai. Namba 31 hadi 54, matoleo ishirini na manne, yote yana penseli. Mdogo wangu alipokuwa na miaka sita aliugua nyonga, akafungwa plasta kutoka kiunoni hadi gotini, akalala miaka miwili. Shule ikampita. Mama akamfundisha kusoma kwa hizo katuni, maana vitabu vingine hatukuwa navyo. Alikata maneno kwa vistari, akaandika pembeni, akauliza maswali, mdogo wangu akajibu kwa mwandiko wake wa kuku. Hakuna ukurasa uliosalimika.

Machi 12

Nimenunua ufutio, ule mweupe laini wa wachoraji, na brashi ndogo. Nimeanza na namba 31. Kwanza nilijaribu pembeni, ukurasa wa nyuma, kama mwizi. Ikatoka! Penseli ikatoka yote, picha ikabaki, karatasi ikabaki. Nimecheka peke yangu humu ndani. Kwa nini sikufanya hivi miaka mitano iliyopita?

Machi 13

Mvua. Nimemaliza namba 31.

Machi 15

Mvua. Namba 32, na nusu ya 33.

Machi 16

Mdogo wangu kaja, mwavuli umevunjika mbavu mbili. Akakaa kwenye kiti cha wateja, ambacho siku hizi kinamjua yeye tu. Tukanywa chai. Akauliza habari za kifua changu, nikauliza habari za macho yake, tukadanganyana kama kawaida.

Halafu, kabla hajainuka: "Kaka, za mama hazijaingia maji? Mvua ya safari hii si mchezo."

"Za baba," nikamwambia. "Baba ndiye aliyezileta."

"Haya, za baba. Ziko salama?"

"Ziko salama."

"Naweza kuziona kidogo?"

"Hewa ina unyevu. Sifungui sanduku mpaka jua litoke."

Akatikisa kichwa, akaenda zake. Sanduku nalifungua kila siku, bila shaka. Lakini nimekereka mchana kutwa. Kila akija ni swali hilohilo, na mimi najua anachokagua. Anakagua sehemu yake, kama karani wa stoo, halafu anajificha nyuma ya jina la mama. Angesema tu, kaka, hela yangu iko wapi, ningemheshimu zaidi.

Machi 18

Namba 36. Nimejiwekea sheria, naiandika hapa nisije nikaisahau: sisomi. Ukianza kusoma hufuti. Naweka karatasi chini ya taa, naitazama kama uchafu, nafuta kutoka kushoto kwenda kulia, napiga brashi, nafunua ukurasa mwingine.

Na niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesikia. Hata hamu ya kuyasoma sina. Miaka miwili ile mama alikuwa wa mdogo wangu. Akirudi kufua mashuka ya hosteli, mikono imechakaa kwa sabuni, anakwenda moja kwa moja kitandani kwake na penseli. Mimi nilikuwa na miaka kumi, mzima wa afya, kwa hiyo niliambiwa nijipakulie chakula na nisipige kelele. Nilisimama mlangoni mara nyingi. Hakuna aliyeniambia ingia. Nimeibeba hasira hiyo miaka arobaini na minane, na sasa naisugua kwa ufutio na bado ipo.

Machi 20

Mvua. Namba 37. Paa linavuja juu ya rafu ya pili, nimeweka sufuria.

Machi 24

Binti wa Kioo kavuka barabara kuomba chenji. Msichana wa miaka ishirini na kitu, ana adabu, hilo simnyimi, ila ana mdomo.

"Shikamoo mzee. Duka lako linanukia kama nguo za babu yangu."

"Marahaba. Babu yako alikuwa mtu wa maana basi."

Akacheka. Akashika katuni moja kwenye rafu, akauliza bei, nikamtajia. Akaguna.

"Mzee, kwa bei hiyo mimi nauza jalada la dhahabu la mwezi huu, na foleni inafika kwa fundi simu."

"Na mwakani litakuwa na bei gani?"

"Mwakani nitauza lingine."

Akachukua chenji yake akaondoka, akaniachia jibu hilo. Mimi nimeishi kwa kungoja mwakani tangu nipate akili. Huyu hata hajali.

Machi 29

Leo nimeona kwa macho yangu.

Saa nne asubuhi mvua ilitulia kidogo, na gari la Daktari wa Meno likasimama nje. Nikafuta kaunta, nikavuta kiti, nikabandika maji ya chai. Huyu ndiye wa milioni tano. Ndiye aliyening'oa magego mawili bila malipo ili nimwekee toleo alilokuwa akilitafuta. Akashuka, akafungua mwavuli, akaenda ng'ambo. Nikasema moyoni, labda amekosea mlango. Akakaa humo dakika arobaini. Alipotoka na mfuko unaong'aa akaniona nimesimama kizingitini, akaona haya, akaja.

"Usinune, bwana mkubwa," akasema. "Nimehama."

"Umehama wapi?"

"Za zamani nimeuza zote. Maboksi kumi na mawili. Wanangu hawazitaki, na mke wangu anasema zinamletea kikohozi. Hizi mpya zinapanda ndani ya wiki mbili, nauza, nanunua nyingine."

"Na Fundi Radi yako?" Alikuwa na seti iliyopungukiwa namba tatu tu.

"Nayo."

"Kwa ngapi?"

Akatazama viatu vyake. "Laki nane na nusu. Sitakudanganya."

Nikakaa kwenye kile kiti nilichomvutia yeye. Seti yake ikienda kwa laki nane na nusu, na soko zima linajua, yangu nani ataitolea milioni?

"Ulizisoma," nikamwambia. "Wewe ulikuwa unajua kwa moyo Fundi Radi alipotezea kidole namba ngapi."

"Kumi na saba," akajibu palepale, na macho yakamlegea. Kisha akautazama mfuko wake. "Hizi hazisomwi, mzee wangu. Ukifungua tu, bei imekufa. Afadhali. Hazimuumizi mtu."

Chai nimeimwaga. Nimekaa nikafikiri mpaka nikapata njia. Seti yake ilikuwa na madoa, ilikuwa na mapengo. Yangu imetimia, na nikimaliza kazi haitakuwa hata na nukta. Miwani alisema safi kabisa bado zina bei. Basi nitampa hizo safi kabisa. Namba 40 leo hiihii.

Aprili 2

Mvua. Namba 41. Vidole vimekufa ganzi.

Aprili 5

Namba 43 imekataa. Kurasa nyingine zote nilizimaliza kwa saa mbili, ila chini ya ukurasa wa mwisho, pale Fundi Radi anapozima taa ya karakana, kuna mistari miwili mirefu ya mama iliyoandikwa kwa kukandamiza. Ufutio umeisha nusu na bado inaonekana. Sikusoma. Nililiona neno moja bila kutaka, "Leo", nikahamisha macho haraka.

Aprili 6

Namba 43 tena, na ufutio mpya. Imetoka saa kumi alasiri. Karatasi imelainika kidogo hapo, jua likitoka itakauka.

Aprili 13

Mdogo wangu kaja na zawadi. Ameshona mfuko wa turubai, umekatwa sawasawa na vipimo vya sanduku la bati, una mkanda wa kufungia na mshono mara mbili kila upande. Vipimo kavitoa kichwani. Mshono umepinda mahali pawili patatu, na yeye kajua nimeuona.

"Macho," akasema. "Ndiyo kazi yangu ya mwisho hiyo. Nilisema isiwe sare."

"Umejisumbua bure."

"Si bure. Paa lako naliona. Za mama zikilowa nitakulilia mpaka ufe."

Nikamshukuru kwa mdomo. Moyoni nikasema, haya, sasa anaifungia kabisa sehemu yake kwa turubai. Alipoondoka nikauvisha mfuko kwenye sanduku. Umekaa barabara, umekaza pande zote, na mimi nimebaki nimechutama kando ya kitanda muda mrefu, sijui kwa nini.

Namba 48 na 49.

Aprili 16

Mvua ya mawe. Namba 50, 51.

Aprili 22

Nimemaliza. Namba 54 imelala mezani nyeupe pee, kama haijawahi kuguswa na mtu. Nimejinunulia soda.

Aprili 27

Miwani kaja na taa yake. Nilimwandalia meza, nikatandika kitambaa, nikafunga mlango wa duka kabisa. Akaanza na namba moja. Saba na nusu. Namba mbili, nane. Nane. Saba. Nane na nusu! Kwa kila daraja nilikuwa nikipiga hesabu yangu kimya kimya, nusu kwa nusu, na nusu ya mdogo wangu ilikuwa inakua mbele ya macho yangu. Labda si ya chumba tena, lakini angefika kwa binti yake na kitu chake mkononi, asikae kwa mkwewe kama mgeni.

Akafika 31. Akaishusha taa mpaka ikakaribia kulala juu ya meza, mwanga ukapita ubavuni mwa karatasi.

"Hii imeguswa," akasema.

"Imeguswa vipi?"

"Njoo utazame mwenyewe."

Nikainama. Mungu wangu. Kwa mwanga ule wa ubavuni ukurasa ulikuwa umejaa vijimifereji, kila mahali penseli ilipopita, maneno yaliyosagika, hata herufi moja haisomeki. Na kati ya mifereji karatasi ilikuwa imeota manyoya kama blanketi kuukuu.

"Nani kakudanganya ufute?" akauliza.

"Wewe! Ulisema penseli toa nusu ya bei."

"Nilisema toa nusu ya bei. Sikusema toa penseli. Penseli ni nusu, iliyoguswa ni sifuri. Iliyoguswa siipi daraja, na hakuna mpimaji atakayeipa. Na umefuta wakati wa mvua, mtu mzima wewe, wa kazi hii miaka thelathini! Karatasi imenyonya unyevu, wewe unaisugua. Mtoto wa kwanza kuingia kwenye biashara hii anajua hilo."

Anajua. Na mimi najua. Nimewaambia wateja maneno hayohayo, karatasi haiguswi masika. Lakini nilikuwa na haraka ya kumaliza kabla mdogo wangu hajaondoka.

Akaendelea mpaka 54, moja baada ya nyingine, na kila moja akaibandikia kikaratasi: imeguswa. Kwenye 43 akasimama, akapitisha ukucha chini ya ukurasa wa mwisho. "Hapa hata mfereji hakuna. Hapa umechimba." Nilitaka kumshika kola nimtupe nje, na sikuwa na kosa la kumshikia.

Aprili 28

Sikufungua duka.

Mei 2

Kama kuna anayeandika maisha yangu huko juu, basi leo alikuwa anacheka.

Mvua imepungua, manyunyu tu. Binti wa Kioo akavuka na mwanamke mmoja wa makamo, kavaa vizuri, ana miwani ya kamba. Akasema kaniletea mteja. Nikamwuliza yeye imekuwaje mpaka ananigawia wateja. Akakunja midomo.

"Wameshtuka, mzee. Lile jalada la dhahabu, walisema ni adimu, kumbe zimechapwa elfu arobaini. Sasa lipo kwenye kapu mlangoni kwangu, nusu bei, na hata hivyo halishikwi. Daktari wako wa Meno kanirudishia mfuko mzima kapiga kelele kama nimemng'oa jino."

Nilitaka kufurahi. Nilijitahidi.

"Watu wamechoka na nailoni," yule mwanamke akadakia. "Mimi nakusanya zilizosomwa. Zenye majina ya watoto, zenye hesabu za kuzidisha pembeni, michoro, chochote. Jana nimenunua moja tu, jalada limechanika, mtoto kamchora mwalimu wake ndani. Laki mbili. Ninachotafuta hasa ni za nyumba moja, mfululizo, mkono uleule mwezi hadi mwezi. Hizo mtu akinipa nalipa anachotaka. Huna?"

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka kifua kikanibana, Binti wa Kioo akaniletea maji kwenye kikombe.

"Nilikuwa nazo ishirini na nne," nikamwambia.

"Ziko wapi?"

"Nimezifanyia usafi."

Hakuelewa. Binti wa Kioo alielewa, maana aliviona vile vikaratasi vya Miwani mezani. Akamshika mwenzake mkono wakaondoka taratibu, kama watu wanaotoka msibani.

Mei 5

Nimeivunja seti. Nimemwuzia Binti wa Kioo namba 1 hadi 30 na 55 hadi 96 kwa laki sita. Hakunipunja. Nilimwomba laki saba, akanionyesha droo yake, nikaona. Nusu ni laki tatu. Zile ishirini na nne zimebaki kwenye sanduku, zinapwaya ndani ya turubai.

Mei 8

Jua kidogo. Nimeweka laki tatu kwenye bahasha. Nimeitoa nikaongeza elfu hamsini zangu, bado ni nyembamba.

Mei 11

Mdogo wangu kaja kuaga. Basi lake ni kesho alfajiri. Mvua imekatika na alikuja bila mwavuli, mkono mmoja ukutani, anapapasa njia kama mtu anayeingia nyumba ya kigeni.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Nikampa bahasha kwanza, maana nilijua nikianza na maneno sitafika mwisho.

"Ni sehemu yako. Ni kidogo, mdogo wangu. Ni aibu. Tungeuza miaka ile ungekuwa na chumba na macho yako yangepona. Nilikukatalia, nikajifanya ninajua. Nisamehe."

Hakuihesabu. Akaipima uzito tu mkononi, akaitia kwenye mkoba.

"Umeuza zote?"

"Nimeuza sabini na mbili."

"Kwa hiyo seti umeivunja."

"Nimeivunja."

Na hapo akatabasamu! Uso wake ukafunguka, nikamwona yule mtoto wa kitandani.

"Basi sasa naweza kuomba," akasema. "Wewe ulisema ukitoa moja umeua zote, ndiyo maana sikukuomba tena. Nikasema kaka ana mipango yake, nisimharibie. Kila nikija nauliza tu kama zipo. Sasa kama imeshavunjika, nipe namba 43. Hela hata ungebaki nayo."

"Kwa nini 43?"

"Kwani hujui? Mama hakuwa na daftari, hakuwa na barua, badala ya jina lake alikuwa anaweka dole gumba. Alijifunza kuandika ili anifundishe mimi, akinitangulia kwa usiku mmoja tu. Mwandiko wake wote duniani uko kwenye zile katuni. Na 43 ndiyo niliyoisoma peke yangu kwa mara ya kwanza. Nipe niende nayo, binti yangu atakuwa ananisomea."

Ningeweza kusema imepotea, nimeiuza, imeingia maji. Yote yalikuja mdomoni. Nikaenda chumba cha nyuma, nikafungua mkanda alioushona, nikaileta na nailoni yake ya kuzuia unyevu.

Akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akafunua ukurasa wa mwisho, akausogeza hadi puani, akaurudisha nyuma, akausogeza tena. Nikadhani hataona, macho yake mabovu, Mungu nisamehe, niliomba asione. Akapitisha kidole chini, pale penye manyoya.

"Umefuta."

"Nilitaka ipande daraja."

"Zote?"

"Zote."

"Ikapanda?"

"Haikupanda."

Lori likapita, watu wakapita, na kwenye kioo cha ng'ambo nikatuona wote wawili, wazee, tumesimama mlangoni.

"Ulisoma kabla ya kufuta?" akauliza.

"Sikusoma."

"Basi nikwambie, maana yalikuwa yanakuhusu." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo baya. Alisema kutoka kichwani, kama alivyotoa vile vipimo vya sanduku. "Aliandika hivi: Leo umesoma peke yako mpaka mwisho. Kaka yako alikuwa mlangoni anasikiliza, kesho tumwite aingie."

Nikashika mwimo wa mlango.

"Tulikuita," akasema. "Kesho yake. Ukasema una shughuli zako."

Sikumbuki. Nimejikamua kichwa tangu saa ile na sikumbuki kabisa. Nakumbuka mlango tu.

Akaifunga katuni, akairudisha ndani ya nailoni yake vizuri, kona kwa kona, akaiweka juu ya kaunta. "Baki nayo, kaka. Utauza."

Nikamwambia angalau nimsindikize mpaka kwake. Akasema njia anaijua. Bahasha kaenda nayo, maana mtu lazima ale. Namba 43 kaiacha.

Mei 12

Basi limeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa kituoni, nyuma ya kibanda cha tiketi. Sikujitokeza.

Mei 14

Jua kali, bati linaalika. Watu wawili wameingia, sikuwauzia kitu.

Nimefungua namba 43 ukurasa wa mwisho, nikachonga penseli. Maneno nayajua sasa, yote, nayajua kuliko jina langu. Nikasema nitayarudisha palepale, kisha niifunge niitume kwa posta, na binti yake amsomee. Nikaweka ncha juu ya karatasi.

Nimekaa hivyo mpaka chai imepoa. Wiki sita nilikuwa na mwandiko wa mama chini ya taa yangu, ukurasa kwa ukurasa, na sijui alikuwa anaandikaje herufi ya kwanza, L.